Je, vijidudu vyaweza kumnenepesha mwanakondoo?

Katika jimbo la Aragón, kaskazini-mashariki mwa Uhispania, mwanakondoo huachishwa kunyonya akiwa na umri wa takriban siku 50. Hupakiwa kwenye lori pamoja na wenzake kutoka mazizi mengine na kupelekwa katika kituo cha kunenepeshea mifugo. Huko hukuta hori lililojaa nafaka na mashudu ya soya, na kando yake majani makavu ya shayiri. Anapokaribia umri wa miezi mitatu huwa yu tayari kwa machinjio, na nyama yake, maarufu kwa jina la ternasco, huwa na uzito wa kilo 8 hadi 12 na nusu.

Kwa mnyama aliyezoea maziwa ya mama yake, huo ni msukosuko mkubwa. Katika muda wa siku chache amepoteza mama, zizi na chakula alichokijua, na amechanganywa na wageni ambao kila mmoja amekuja na maradhi ya kwao.

Kwa miaka mingi ufugaji wa kisasa barani Ulaya na Marekani ulikuwa na jibu jepesi kwa misukosuko ya aina hiyo: kutia antibiotiki kidogo kidogo katika chakula cha mifugo, hata kama mnyama si mgonjwa. Tangu tarehe 1 Januari 2006, kuzitumia dawa hizo kwa ajili ya kukuza mifugo tu ni marufuku katika nchi zote za Umoja wa Ulaya.

Pengo lililoachwa na marufuku hayo limevutia bidhaa za aina nyingine, ambazo sasa zinauzwa pia katika maduka ya dawa za mifugo Afrika Mashariki. Bidhaa hizo huitwa probiotiki na prebiotiki. Wauzaji huzisifu kuwa humfanya mwanakondoo anenepe haraka, asihare, na asihitaji dawa.

Swali ambalo mfugaji anastahili kujibiwa kabla hajatoa fedha yake ni hili: je, sifa hizo ni za kweli, na ni za kweli kwa mwanakondoo yupi?

Mbegu na mbolea

Majina haya mawili yanafanana, lakini vitu vyenyewe ni tofauti.

Probiotiki ni vijidudu hai. Wataalamu walioitishwa na Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, na Shirika la Afya Duniani, WHO, mjini Córdoba nchini Argentina mwaka 2001, walizieleza kuwa ni vijidudu hai ambavyo, vikitolewa kwa kiasi cha kutosha, humletea manufaa ya kiafya yule anayevipokea. Maneno ya kuzingatia hapo ni mawili: viwe hai, na viwe vya kutosha.

Prebiotiki si kiumbe hai. Ni chakula cha vijidudu, aghalabu aina za sukari na nyuzinyuzi ambazo mnyama mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Jina hilo lilitolewa mwaka 1995 na wanasayansi Glenn Gibson na Marcel Roberfroid. Mfano mmoja ni inulini, inayopatikana katika mizizi ya mmea wa chikori. Mwingine ni sukari ziitwazo manani, zinazotokana na ganda la chembe za hamira.

Kwa lugha ya mkulima, probiotiki ni mbegu na prebiotiki ni mbolea. Ya kwanza hupandwa tumboni. Ya pili huwarutubisha bakteria wema ambao tayari wamo humo.

Wazo lenyewe si geni. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanasayansi Mrusi Ilya Mechnikov, aliyekuwa akifanya kazi katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris na aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908, alisema kuwa bakteria wanaogandisha maziwa huenda wakayazuia maovu yanayotendeka ndani ya utumbo. Jamii za wafugaji wa Afrika Mashariki, ambazo tangu enzi za mababu zimehifadhi maziwa katika vibuyu hadi yakaganda, zilikuwa jirani na elimu hiyo bila ya kuipa jina la kigeni.

Antibiotiki zilivyoingia na zilivyotoka

Ili kuelewa kwa nini bidhaa hizi zimepata umuhimu, yafaa kurejea mwishoni mwa miaka ya 1940. Wakati huo watafiti wa maabara ya Lederle nchini Marekani waligundua kwamba vifaranga waliolishwa mabaki ya utengenezaji wa dawa ya Aureomycin walikua haraka kuliko wenzao. Punde si punde desturi hiyo ikaenea kwa nguruwe, ndama na mifugo mingine.

Tatizo lilijitokeza taratibu. Bakteria wanaokutana na dawa kidogo kila siku hawafi wote. Wanaosalia ni wale wenye uwezo wa kuistahimili, na hao ndio wanaozaana. Usugu huo waweza kumfikia binadamu kwa njia ya nyama, samadi, maji, au mikono ya mtu anayewahudumia wanyama.

Mfano uliowashtua wengi ulikuwa wa avoparsini, dawa iliyotiwa katika chakula cha mifugo Ulaya. Dawa hiyo ni ya ukoo mmoja na vankomisini, ambayo madaktari huitegemea hospitalini pale dawa nyingine zinaposhindwa. Denmark iliipiga marufuku avoparsini mwaka 1995, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 1997. Sweden ilikuwa imewatangulia wote: ilizuia antibiotiki zote za kukuzia mifugo tangu mwaka 1986, baada ya wakulima wake wenyewe kuliomba jambo hilo.

Marekani nayo, kuanzia Januari 2017, iliondoa ruhusa ya kutumia antibiotiki muhimu kwa tiba ya binadamu kwa lengo la kukuza mifugo. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulikaza kamba zaidi, ukazuia kwa kiasi kikubwa kuyapa makundi mazima ya wanyama antibiotiki kwa ajili ya kinga tu. Mnyama mgonjwa bado huruhusiwa kutibiwa kwa cheti cha daktari wa mifugo.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika takwimu za binadamu. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2022 ulikadiria kwamba usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo vya watu milioni 1.27 duniani katika mwaka 2019, huku Afrika kusini mwa Sahara ikiwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika zaidi. Vifo hivyo havitokani na mifugo peke yake. Matumizi mabaya ya dawa miongoni mwa binadamu yana sehemu kubwa. Lakini mfugaji anayetia antibiotiki katika pumba bila ya ugonjwa anachangia tatizo ambalo kesho laweza kumrudia mtoto wake.

Tumbo lenye vyumba vinne

Je, vijidudu hai vyaweza kushika nafasi ya dawa hizo? Jibu linategemea jinsi kondoo anavyomeng'enya chakula.

Kondoo ni mnyama anayecheua, na tumbo lake lina vyumba vinne. Kilicho kikubwa zaidi ni chumba cha kwanza, kiitwacho rumeni. Humo mnaishi bakteria kwa mabilioni katika kila mililita ya majimaji, pamoja na viumbe wengine wadogo. Hao ndio wanaovunjavunja majani na nafaka na kuvigeuza kuwa asidi ambazo kondoo huzitumia kama chanzo kikuu cha nguvu mwilini. Kwa hiyo, anayemlisha kondoo kwa kweli huwalisha kwanza bakteria, na bakteria ndio wanaomlisha kondoo.

Mwanakondoo anapozaliwa, chumba hicho ni kidogo na hakijaanza kazi. Maziwa anayonyonya hukipita kwa mfereji maalumu na kushuka moja kwa moja hadi chumba cha nne, kinachofanana na tumbo la binadamu. Rumeni hukua kadiri anavyojifunza kula majani na nafaka, na huchukua takriban wiki sita hadi nane kuanza kufanya kazi ipasavyo.

Hatari huja pale mnyama anapopewa nafaka nyingi kwa ghafla. Wanga wa mahindi au shayiri huchachuka upesi. Bakteria mmoja, Streptococcus bovis, huzaana kwa kasi na kutoa asidi ya laktiki, ile ile inayoyachachusha maziwa. Kwa kawaida kipimo cha pH katika rumeni huwa kati ya 6 na 7. Kikishuka chini ya 5.5, bakteria wanaomeng'enya nyuzinyuzi hudhoofika, na kikiendelea kushuka mnyama huacha kula, huhara, hulala chini, na huenda akafa. Mwenye mali hubaki akidhani kondoo wake amelishwa sumu.

Hapa ndipo hamira hai inapoonyesha kazi yake. Aina fulani za hamira ya Saccharomyces cerevisiae huondoa mabaki ya oksijeni yanayoingia katika rumeni pamoja na chakula, na hivyo kuwapa nafuu bakteria wanaomeng'enya majani, ambao hawaipendi hewa hiyo. Hamira hiyo pia huwasaidia bakteria wanaoitumia asidi ya laktiki, ili isirundikane. Ndiyo maana katika Umoja wa Ulaya, ambako kila nyongeza ya chakula cha mifugo hukaguliwa kabla ya kuuzwa, baadhi ya aina za hamira hai zimeruhusiwa mahususi kwa wanakondoo wanaonenepeshwa.

Bakteria wa probiotiki, kama vile wa jamii za Lactobacillus, Enterococcus na Bacillus, hutumiwa zaidi kwa wanakondoo wachanga. Hushindana na bakteria waharibifu kwa ajili ya chakula na nafasi katika ukuta wa utumbo, na hivyo huweza kupunguza kuhara.

Prebiotiki nazo zina kikwazo kimoja kwa wanyama wanaocheua: bakteria wa rumeni huzila sehemu kubwa kabla hazijafika utumboni. Kwa sababu hiyo zina nafasi nzuri zaidi kwa mwanakondoo ambaye bado ananyonya, au anayelelewa kwa maziwa ya unga, kuliko kwa kondoo aliyekwisha kukomaa tumbo.

Zinachoweza na zisichoweza

Majaribio yaliyofanywa kwa wanakondoo katika nchi mbalimbali yametoa majibu yanayotofautiana. Baadhi yameonyesha ongezeko la uzito au upungufu wa kuhara. Mengine hayakuona tofauti yoyote kati ya waliopewa nyongeza na wasiopewa.

Tofauti hizo zina sababu. Vijidudu vyenyewe si vya aina moja, na hata ndani ya spishi moja nasaba moja yaweza kufanya kazi ambayo nyingine haifanyi. Vipimo hutofautiana, na vyakula pia. Muhimu kuliko yote ni hali ya mnyama. Mwanakondoo mwenye afya, aliyezoeshwa chakula chake vizuri na anayeishi katika zizi safi, tayari ana bakteria anaowahitaji. Kumwongezea wengine ni kama kumwaga maji mtoni. Faida huonekana zaidi kwa yule aliye katika msukosuko: aliyeachishwa kunyonya juzi, aliyesafirishwa mbali, anayehamishwa kutoka majani kwenda nafaka, au aliyetoka kutibiwa kwa antibiotiki ambazo zimewaua bakteria wema pamoja na waovu.

Yapo pia mambo ambayo probiotiki haiyafanyi kabisa. Haiui minyoo, ambayo katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki humdhoofisha kondoo kuliko jambo jingine lolote. Wala haishiki nafasi ya chanjo dhidi ya sumu ya bakteria Clostridium perfringens, inayowaua kwa ghafla wanakondoo wanono na wanaokula sana.

Hesabu ya zizi

Njia nyepesi ya kuupima ukweli wa tangazo ni kupiga hesabu. Tuchukue mfano wa mfugaji mwenye wanakondoo 50, kila mmoja akiongezeka gramu 120 kwa siku. Kwa siku 90 kila mmoja ataongezeka kilo 10 na gramu 800. Iwapo nyongeza italeta ziada ya asilimia tano, kila mwanakondoo atapata takriban nusu kilo zaidi, na zizi zima litapata kilo 27.

Sasa tuseme kwamba katika zizi hilo hilo mwanakondoo mmoja wa kilo 25 anakufa kwa kuvimbiwa nafaka. Kifo kimoja kimekula karibu ziada yote ya siku 90.

Hesabu hiyo inafundisha mambo mawili. La kwanza, bei ya nyongeza kwa siku 90 ilinganishwe na bei ya nusu kilo ya kondoo hai. Ikiwa inaizidi, hiyo si biashara. La pili, faida kubwa ya nyongeza, inapokuwapo, haiko katika unene. Imo katika wanyama ambao hawakuugua na hawakufa.

Haraka ya kabla ya Idd

Somo hilo linawahusu moja kwa moja wanaonunua kondoo waliokonda mnadani wiki chache kabla ya Idd el-Hajj, kwa matumaini ya kuwauza wakiwa wamenona. Muda ni mfupi, na kishawishi cha kuwamwagia mahindi tangu siku ya kwanza ni kikubwa. Hao ndio wanyama walio katika hatari ile ile ya wanakondoo wa Aragón, tena wakiwa wametembea au kusafirishwa kwa jua na kiu.

Kwao utaratibu una thamani kuliko pakiti yoyote. Kwanza hupewa maji safi, mapumziko na majani makavu. Kisha hupewa dawa ya minyoo na chanjo kwa ushauri wa daktari wa mifugo. Nafaka huanzwa kwa gramu 100 au 200 kwa kila kichwa kwa siku, ikaongezwa kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili hadi tatu, na majani yasikosekane kamwe. Hamira hai, kama mfuko unaruhusu, huanzishwa pamoja na nafaka katika kipindi hicho cha mpito, si baada ya mnyama kuanguka.

Anayeamua kununua anapaswa kusoma maandishi ya pakiti. Jina la kijidudu liandikwe pamoja na alama za nasaba yake, idadi ya vijidudu hai katika kila gramu, kiasi cha kumpa mwanakondoo, na tarehe ya mwisho ya matumizi. Pakiti iliyoandikwa "probiotiki" pekee haimwambii mnunuzi chochote. Joto nalo ni adui: bidhaa iliyokaa miezi kadhaa chini ya bati la moto yaweza kuwa unga wa vijidudu vilivyokufa. Bakteria wa jamii ya Bacillus hustahimili zaidi, kwa kuwa hujifunika kwa ganda gumu.

Wengi huuliza kama machicha ya pombe au maziwa ya mgando yaweza kufanya kazi hiyo bila gharama. Machicha ni chakula kizuri chenye protini, lakini hayana kipimo kinachojulikana cha hamira hai. Maziwa ya mgando yana bakteria wanaochachusha, ila aina na idadi yao havijulikani, na yakitokana na maziwa mabichi ya mnyama mgonjwa yaweza kubeba maradhi.

Tahadhari nyingine ni kwamba hata bakteria wa probiotiki wanaweza, wasipochunguzwa, kubeba vinasaba vya usugu wa dawa na kuwapa bakteria wengine. Wakaguzi wa Ulaya hulitazama jambo hilo kabla ya kutoa kibali. Bidhaa isiyojulikana asili yake yaweza kuingiza zizini tatizo lile lile ambalo mfugaji alitaka kulikwepa.

Mlaji aliye mbali

Kondoo na mbuzi wa pembe ya Afrika huvuka bahari wakiwa hai kutoka bandari ya Berbera kwenda Saudi Arabia, na nyama kutoka Kenya, Tanzania na Ethiopia husafirishwa kwa ndege hadi nchi za Ghuba. Soko hilo linajua kufunga mlango. Mwaka 2000, baada ya homa ya Bonde la Ufa kuzuka Saudi Arabia na Yemen, Saudi Arabia ilizuia mifugo kutoka Somalia, na mlango huo haukufunguliwa tena hadi mwaka 2009. Sababu wakati ule ilikuwa virusi, si antibiotiki, lakini aliyeumia alikuwa yule yule: mchungaji asiye na soko jingine.

Mnyama aliyetibiwa kwa antibiotiki hana budi kusubiri siku zilizowekwa kabla ya kuchinjwa, ili mabaki ya dawa yatoke mwilini. Hamira na bakteria waliokaguliwa havidai kungojea huko. Kwa mfugaji anayeuza nje, hiyo ni faida isiyoonekana kwenye mizani.

Hata hivyo, Sweden, iliyotangulia kuziacha antibiotiki za kukuzia, haikulifanya hilo kwa kubadilisha pakiti moja kwa nyingine. Ilibidi kuboresha mabanda, usafi, chakula na namna ya kuwaachisha kunyonya wanyama wachanga. Vijidudu vyaweza kumsaidia mwanakondoo avuke wiki ngumu za maisha yake. Kumnenepesha kunabaki kuwa kazi ya majani, nafaka, maji, na jicho la mwenye mifugo.